Nani Kasema Uzi ni Uzi?

Duka liko mjini Singida, na mwenye duka ni mtu mwema, kwa hiyo sitamtaja. Nilimpa karatasi ya maelekezo ya sweta la mwanamume: madonge 10 ya uzi wa sufu ya kondoo, gramu 50 kila donge. Nikamwambia sufu nimeitafuta mji mzima sijaipata. Karatasi hakuifungua. Alishusha kutoka rafuni madonge 10 ya uzi wa pamba, rangi ya udongo, akayapanga mezani kama mtu anayepanga mayai, akasema, "Chukua huu, mama. Unene uleule, gramu zilezile. Uzi ni uzi."

Nikachukua. Nimeshika sindano za kufumia miaka mingi, nilipaswa kubisha. Lakini rangi ilinipendeza, na Hiace ya kurudi Unyambwa ilikuwa inapiga honi.

Sweta lilikuwa la baba mkwe. Msomaji asiyeijua Singida hudhani katikati ya nchi ni jua na vumbi basi. Aje Julai, asubuhi, asimame penye uwazi huku kwetu upepo ukivuma kutoka mashariki, ndipo atajua kwa nini wanaotafuta umeme wa upepo waliukimbilia mkoa huu. Mzee wangu hutoka na ng'ombe kabla jua halijapanda. Nikafuma mgongo, nikafuma kifua, nikafuma mkono wa kushoto. Wa kulia nikataka kuuanza, uzi ukaisha. Nikarudi dukani, nikakuta mzigo ule umekwisha na mwingine umeingia kutoka Arusha, rangi ileile kwa jina. Ndiyo maana mkono mmoja wa sweta lile ulikuwa na rangi ya udongo wa Unyambwa na mwingine ukawa na rangi ya udongo wa kwa watu.

Hayo mzee aliyasamehe. Siku ya kwanza lilimkaa, akanibariki. Baada ya wiki mbili lilikuwa limepita nyonga. Wiki ya nne likawa linagusa mapaja, mikono imefunika vidole, shingo imelegea kama mdomo wa gunia. Akaniita pembeni, kwa adabu zake zote: "Mama, hili sweta bado linakua?"

Simlaumu mwenye duka peke yake. Kauli yake inatembea. Utaisikia kwa mafundi wa masweta ya shule, utaisikia kwenye vikundi vya akina mama, na utaisikia, ikiwa imevaa miwani, kutoka kwa waliosoma Sayansi Kimu: ukikosa uzi uliotajwa, tafuta mwingine wenye unene huohuo, nunua uzito uleule, endelea na kazi. Watu wamelishika fundisho hilo kama amri. Mimi nasema ni fundisho la uongo, na uongo wake una gharama, na gharama inamwangukia anayefuma, hata siku moja haimwangukii anayeuza.

Nieleweke kwanza. Sipingi kubadilisha uzi. Mfumaji wa Singida anayengoja uzi uleule uliotajwa kwenye karatasi atangoja mpaka wajukuu wake wazeeke. Karatasi hizi nyingi asili yake ni Uingereza, na hazikuandikwa kwa ajili ya kutufundisha sisi. Ziliandikwa na wenye viwanda vya nyuzi. Patons & Baldwins, kampuni iliyotokana na kuungana kwa viwanda viwili mwaka 1920, ilichapa vijitabu vya maelekezo kwa wingi, na kila kijitabu kilitaja uzi wa kampuni hiyohiyo. Onyo la kutotumia uzi mwingine lilikuwa biashara. Mama zetu waliolipuuza walifanya vizuri, nami nalipuuza hadi leo. Kosa letu ni kwamba tulipolitupa lile onyo tulitupa pamoja nalo hesabu iliyokuwa imefichwa ndani yake. Mwenye kiwanda alikuwa amekwisha kutupigia hesabu. Tukiuacha uzi wake, lazima hesabu tuipige wenyewe.

Tuanze na gramu, maana hapo ndipo wengi wanapojiona wako salama. Gramu haziongopi, wanasema, mizani ni mizani. Ni kweli, ila sweta halifumwi kwa gramu. Linafumwa kwa urefu wa uzi. Kila kitanzi kinakula kipande chake cha uzi, na jumla ya vipande hivyo ni mita. Mizani inakuuzia uzito, sindano inadai urefu, na kati ya viwili hivyo kuna kitu ambacho mizani haikisemi: uzi umetengenezwa kwa nini. Sentimita moja ya ujazo ya sufu ina gramu 1.3 hivi. Ya pamba ina gramu 1.5. Ya akriliki, huu uzi wa kiwandani uliojaa masokoni, ina gramu 1.2 kasoro kidogo. Kwa hiyo nyuzi tatu zenye unene mmoja zikipimwa gramu 50 kila moja, ya pamba itakuwa fupi kuliko zote na ya akriliki itakuwa ndefu kuliko zote. Hii ni tabia ya vitu vyenyewe, hata duka liwe la malaika.

Karatasi yangu ilisema donge la gramu 50 lina mita 120. Madonge 10, mita 1,200. Yale ya pamba niliyapima baadaye, maji yalipokwisha kumwagika: donge moja mita 100, basi. Nilinunua mita 1,000 kwa kazi ya mita 1,200. Mita 200 zilizopungua ndizo mkono wa kulia wa baba mkwe. Ningehitaji madonge 12, na mtu angeniambia hivyo pale mezani ningeyanunua yote siku moja, kutoka mzigo mmoja, yenye rangi moja. Kama ningekuwa nimechukua akriliki, gramu 500 zingenibakishia karibu donge zima. Tazama basi fundisho la gramu zilezile linavyokatili: kwenye pamba linakupunja, kwenye akriliki linakuuzia ziada, na pande zote mbili duka limekwisha kupata chake.

Atasema mtu: madonge ya sokoni hayana lebo, mita nitazijuaje? Chukua viti viwili, viweke mgongo kwa mgongo, visogeze mpaka uzi ukizunguka mara moja uwe mita 2 kwa tepu ya fundi. Zungusha donge zima ukihesabu. Mizunguko 50 ni mita 100. Mtoto wa darasa la tatu anaweza, na wangu ndiye anayenifanyia. Mwenye duka akikukatalia kufungua donge, nunua moja, kalipime nyumbani, urudi kesho na hesabu kamili. Nauli ya pili ni ndogo kuliko sweta lenye mikono ya rangi mbili.

Sasa unene. Hapa wapinzani wangu wana nguvu kidogo, na sitawanyima. Unene ukipishana sana, kazi yote inaharibika, kila mtu anakubali. Lakini unene wanaupimaje? Wengi wanatazama ule uzi umesokotwa kwa nyuzi ndogo ngapi. Uzi wa nyuzi nne, wanasema, badala yake ni uzi mwingine wa nyuzi nne. Idadi ya nyuzi haielezi unene, kama idadi ya watu ndani ya nyumba isivyoeleza ukubwa wa nyumba. Kuna uzi wa nyuzi mbili mnene kama kamba ya ndama, na kuna wa nyuzi nne unaopita kwenye tundu la sindano ya kushonea. Wengine wanauviringa kati ya kidole gumba na cha shahada, wanafumba macho, wanatoa hukumu. Vidole vyangu nimeviamini miaka mingi na vimenidanganya mara nyingi, maana uzi wenye manyoya hujaza vidole hewa, na uzi uliosokotwa kwa nguvu hujificha.

Ongeza balaa la namba za sindano. Kwenye vijitabu vya zamani vya Uingereza namba ikipanda sindano inapungua: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Kijitabu cha Marekani kinakwenda kinyume, na namba 8 yake ni milimita 5. Mtu aliyebadilisha uzi kwa jicho na sindano kwa namba asiyoijua asili yake amekwisha kutoka kwenye karatasi kabla ya kutungia kitanzi cha kwanza.

Hakimu wa unene ni kipande cha majaribio, na hana mwenzake. Fuma mraba wa sentimita 15, ulaze, weka rula katikati, hesabu vitanzi katika sentimita 10. Karatasi ikisema 22 nawe umepata 20, tofauti inaonekana ndogo kama chawa. Pigia hesabu. Kifua cha sentimita 100 kwa karatasi ni vitanzi 220. Vitanzi hivyohivyo 220 kwa mkono wako ni sentimita 110. Umemfumia jirani mwenye kitambi. Basi badili sindano, chukua nyembamba kidogo, fuma tena, pima tena. Na ukiona vitanzi vimefika 22 lakini kitambaa kimekuwa kigumu kama ngozi ya ngoma, achana na uzi huo kwa kazi hiyo. Umekwambia wenyewe kwamba haufai.

Lakini hata hapo, hata unene ukiwa sawa na vitanzi vikawa 22 kwa 22, bado sijakubali kwamba uzi umebadilishwa vyema. Sweta la baba mkwe lilipita mtihani huo. Nilipima, nakumbuka, kwa haraka lakini nilipima: 22. Lililoniangusha halionekani kwa rula. Unyoya wa sufu una mikunjo ya asili, kama nywele zetu, ukivutwa unakwenda na ukiachiwa unarudi. Unyoya wa pamba hauna mrejeo huo. Ukivutwa unakwenda, na ukifika huko unakaa. Halafu pamba ni nzito. Karatasi iliyoandikiwa sufu inaweka ukingo wa kuvutika kiunoni na kwenye vifundo vya mikono ikitegemea sufu ijirudishe yenyewe. Pamba nayo ikajining'iniza gramu 600 mabegani mwa mzee, kila siku, ng'ombe wakitafuta majani, mpaka ikafika mapajani. Ningekuwa nimekitundika kile kipande cha majaribio kwa siku mbili kikiwa kimebanwa jiwe dogo kwa chini, kingeniambia yote hayo kabla.

Watu wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, wana ufundi unaotisha kuutazama: wanafuma sweta zima kwa mzunguko kama gunia lisilo na mlango, halafu wanachukua mkasi wanapasua kifua katikati ili wapate koti la vifungo. Vitanzi havifumuki. Sababu ni sufu ya kondoo wao, ina magamba madogo yasiyoonekana yanayoshikana kama upupu na nguo. Sasa chukua maelekezo hayohayo, unene huohuo, vitanzi vilevile, ufume kwa pamba laini au akriliki inayoteleza, kisha upige mkasi. Nakutakia kila la heri. Huko hakuna aliyekosea gramu wala unene. Aliyekosea ni yule aliyesema uzi ni uzi.

Nashangaa kwamba kauli hii inatembea kwenye ardhi hii hasa, kwa sababu hakuna mwanamke wa Kinyaturu anayeikubali jikoni. Mwambie unga wa mahindi umekwisha, upo wa uwele, apike ugali kwa kipimo kilekile cha maji na mwiko uleule na muda uleule kwa kuwa unga ni unga. Atakucheka mpaka machozi. Anajua uwele unataka moto wake na mkono wake. Wenzetu wa pwani nao, mkeka wa kulalia wanausuka kwa ukindu na jamvi la kuanikia wanalisuka kwa miyaa, na hakuna bibi wa Tanga wala wa Pemba atakayekwambia jani ni jani. Ndiyo maana hoja ile wanayoipenda sana, kwamba bibi zetu hawakupima, hainisumbui. Bibi zetu hawakuwa na rula, lakini vitu vyao walivijua kwa majina na kwa tabia. Uzi wa kufumia umetujia bila bibi. Umetujia kwenye mfuko wa nailoni, na nailoni haina cha kusimulia.

Na hata majina yametupotea. Uzi unaouzwa masokoni kwetu kwa jina la sufu, mara nyingi si sufu. Ni akriliki, nyuzi zinazotokana na mafuta ya petroli, ambazo kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuziuza kwa jina la Orlon mwaka 1950. Nyingi kati ya tunazotumia hupitia Arusha, na Eldoret nchini Kenya kuna kiwanda cha nyuzi hizo. Sufu ni neno la Kiarabu kwa manyoya ya kondoo, na kondoo wetu wa Singida, wenye mikia ya mafuta, wana vinyweleo kama mbuzi. Huwezi kuvisokota. (Wengine wanasema sufi. Sufi ni ile ya mti wa msufi, ya kujazia mito, na hiyo haifumwi na yeyote.) Basi mtu anasoma sufu kwenye karatasi, anaambiwa sufu dukani, analipa, anafuma akriliki, na hajui kwamba amebadilisha uzi. Huyo utamfundishaje kubadilisha?

Kiberiti kitamfundisha. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibanio, nje ya nyumba, mbali na watoto. Sufu inaungua kwa shida, inanuka nywele zilizoungua, na ukiondoa moto inazimika, majivu yake yanasagika. Pamba inaungua kama karatasi na kunuka kama karatasi. Akriliki inashika moto haraka, inayeyuka, inadondoka, na inaacha kidonge cheusi kigumu kisichosagika. Ukishaona tone lile linavyodondoka likiwaka, utafikiri mara mbili kabla ya kufuma kwa uzi huo blanketi la mtoto anayelala karibu na jiko la mkaa. Pasi nayo ni habari hiyohiyo. Ukiipiga pasi ya moto akriliki iliyofumwa, inalala na hainyanyuki tena, ukingo wa kuvutika unakuwa utepe. Sufu ungeipiga mvuke ikapendeza.

Hapa nijitenge na kundi jingine, dogo lakini lina kelele, la wale waliokwenda Ulaya wakarudi wakiiona akriliki kama uchafu. Nao wanasema uzi ni uzi, ila kwao uzi ni mmoja tu. Sweta la shule la mtoto wa Unyambwa lifumwe kwa akriliki, nami nitalitetea mahakamani. Linafuliwa Ijumaa jioni kwa sabuni ya unga na maji ambayo visima vingine huyatoa na chumvi yake, linakamuliwa kwa nguvu za kaka yake, linaanikwa juu ya ua wa minyaa, na Jumatatu liko darasani. Sufu halisi ikitendewa hivyo mara tatu, kwa maji ya moto na kusuguliwa, magamba yake yanashikana, sweta linasinyaa, linamfaa mdogo wake, kisha linamfaa mwanasesere. Halafu kuna nondo, mdudu huyu siyo chuma cha ujenzi, ambaye sufu kwake ni karamu na akriliki hana haja nayo. Lakini mzee anayesimama kwenye upepo wa Julai saa nne mfululizo, akapigwa na umande wa asubuhi, huyo ana haja na sufu, kwa sababu sufu inaweza kunywa unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi amelowa. Akriliki hainywi, pamba inakunywa ikabaki baridi mwilini. Swali la kwanza la anayebadilisha uzi, kabla ya unene na kabla ya gramu, ni nani atavaa, wapi, na nani atafua.

Kwenye kroshia nalegeza kamba. Kitambaa cha kochi kikizidi sentimita mbili hakuna kochi litakalolalamika, na hapo ningemwacha mwenye duka aseme anachotaka. Hata hivyo waliozoea kutia wanga vitambaa vyao ili visimame kama ua wanajua kwamba pamba inaunywa wanga na akriliki inautema.

Wanaonipinga kwa hoja ya umaskini ndio ninaowaheshimu zaidi. Wanasema: wewe unazungumza habari za kuchagua, sisi tunanunua kilichopo. Kipande cha majaribio ni uzi uliopotea, na muda pia. Nawajibu kwanza kwamba kipande hakipotei. Mraba wa sentimita 15 wa sweta la kawaida unakula kama gramu 11, na uzi ukipungua mwishoni unakifumua ukautumia. Pili, tajiri ndiye anayeweza kufuma bila kupima. Akikosea ananunua mwingine. Mama anayefuma ili auze, akiwa ameweka fedha ya kikundi kwenye madonge 10, hana mtaji wa kosa. Anapouza sweta lililolegea baada ya wiki mbili, mteja harudi, tena anawaambia wenzake kwamba vya kufuma kwa mkono ni vya ovyo, bora mtumba. Halafu tunakaa kwenye mikutano tunauliza kwa nini kazi ya mikono ya wanawake haina bei.

Kuhusu mtumba, nikwambie siri isiyo siri. Sufu ya kweli ipo Singida. Imelala mnadani, kwenye marundo, katika umbo la masweta ya watu wa nchi za baridi ambayo hakuna anayeyagombania. Geuza kola usome: ukiona Wolle, laine au lana, hiyo ni sufu kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano. Kisha geuza mishono ya ubavuni. Kingo zikiwa nzima, zimeunganishwa kwa mnyororo wa uzi, nunua. Kingo zikiwa zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi za ovaloki, liache, kwa maana ukilifumua utapata vipande vya mstari mmoja mmoja, makapi matupu. Liache pia lililosinyaa likawa kama blanketi, hilo halifumuki kwa namna yoyote. Lililo zima lifumue kuanzia lilikomalizikia, kwa kawaida shingoni, lizungushe kwenye migongo ya viti vile vile viwili, lifunge sehemu nne, lioshe kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua, litundike na kitu kizito kidogo kwa chini. Mikunjo ya zamani itanyooka. Na kwa kuwa umelizungusha ukihesabu, mita zake unazo tayari, jambo ambalo hata dukani hukupewa.

Nilifanya hivyo. Masweta mawili ya mnadani, la kijivu na la kahawia, mita 1,310 kwa pamoja. Uzi ulikuwa mwembamba kidogo kuliko wa karatasi, nilipata vitanzi 24, nikapandisha sindano hadi milimita 4.5, vikawa 22. Nikakiosha kipande, nikakitundika na jiwe siku mbili, hakikusogea. Nikafuma. Mikono ni ya kahawia yote miwili, kwa makusudi safari hii. Mzee amelivaa Julai yote na Agosti. Karatasi ilisema kifua sentimita 110, jana nimempima akiwa amelivaa, tepu imesema 110 na nusu. Lile la pamba nimelifumua, limekuwa vitambaa vya makochi.

Kwenu wenye maduka, wa mjini na wa hapa kwetu, ombi langu ni moja. Lebo msizichane. Donge likiwa limekuja bila lebo, lifungueni moja, lipimeni kwa viti viwili, muandike kwenye kipande cha boksi mita ngapi na kama ni akriliki, pamba au sufu, mkiegemeze mbele ya rafu. Sisi tutajumlisha wenyewe.